Mlima wa Tusekile

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi. Ilikuwa imeanza alfajiri na bado inapiga bati la kituo kama watu wanaomwaga mahindi, na Ambakisye Mwambene alilazimika kupaza sauti kumwambia yule mama kijana akae wima.

"Legeza shingo. Kofia haiumi."

"Ina baridi," alisema Tusekile.

"Maji ya chumvi hayo. Yatakauka."

Alizilowesha nywele zake kwa sponji, akaishusha kofia. Ilikuwa na macho sitini na manne, madogo kama punje za ulezi, na kila jicho lilitakiwa kugusa ngozi. Ambakisye aliyabonyeza moja moja kwa ncha ya kidole. Alipomaliza alianza upya. Alipomaliza tena alianza upya. Mara ya nne aliukamata mkono wake mwenyewe, akautia mfukoni.

Upande wa pili wa kioo alisimama Bibi Subilaga, mama mkwe wa Tusekile, na mtoto mgongoni. Alikuwa amevaa kitenge kipya ambacho bado kilinuka duka. Leo ilikuwa arobaini ya mjukuu wake. Tangu zamani siku hiyo mtoto hunyolewa, mama hutoka ndani, na watu hula. Bado watu walinyoa na bado walikula, ila siku hizi mama alipita kwanza kwenye kofia. Nyumbani kwa Bibi jogoo wawili walikuwa wameshafungwa miguu, na wanawake wa kwaya walikuwa jikoni wakimenya ndizi.

"Utaona picha, utasikia sauti," Ambakisye alimwambia Tusekile. "Hutajibu kitu. Kaa tu."

Akawasha. Karatasi ikaanza kutoka mdomoni mwa mashine, na kalamu ikatambaa juu yake kama siafu. Picha ya kwanza ilikuwa beseni la maji. Kalamu ikainuka kidogo, ikashuka. Ya pili ilikuwa ngazi. Ya tatu kisu cha jikoni. Kisha ikaja sufuria ya maji yanayochemka, na nyuma yake sauti ya kitoto kichanga kinalia.

Tusekile alifumba macho. Midomo yake ikaanza kwenda mbio bila sauti. Kalamu ikapanda. Ikapita ule mstari mweusi uliochapwa katikati ya karatasi, ule waliouita mpaka, ikaendelea kupanda. Alipoizima mashine, karatasi ilikuwa na kilima chenye ncha kali.

Hakuna mtu Rungwe aliyehitaji kuelezwa maana yake. Hata watoto walitishana shuleni: wewe mama yako kapanda mlima.

*

Mkuu wa kituo, Bi Lyatuu, aliikagua karatasi akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua. Alikuwa mwanamke wa Machame, mrefu, asiyependa maneno mengi wala watu wa maneno mengi.

"Mlima mkubwa," alisema. "Weka dole tumalize. Walezi wako barazani wanakunywa chai."

Hapo ndipo kazi ya Ambakisye ilipokuwa. Sheria ya Nia ilipopitishwa, baada ya ule mwaka ambao watoto saba waliuawa na wazazi wao katika mji mmoja, watu walikubali kupimwa, lakini walikataa jambo moja: mashine isimnyang'anye mtu mtoto. Lazima awepo mtu wa kusema. Kwa hiyo kila kituo kilipewa mpimaji. Mlima ukipanda, mpimaji huweka dole gumba kwenye karatasi na kutamka maneno mawili, "Nina hakika." Ndani ya saa moja mtoto yuko njiani kwenda Nyumba ya Malezi, Mbeya. Mzazi atamwona nyuma ya kioo, mara moja kwa mwezi.

Kwa miaka minne Ambakisye alikuwa ameyatamka maneno hayo mara thelathini na moja.

"Naomba marudio," alisema.

Bi Lyatuu alishusha karatasi. "Marudio? Hujawahi kuomba marudio hata siku moja."

"Kofia ilikuwa imelegea."

"Imelegea kwako wewe? Wewe unayebonyeza kila jicho mara tatu mpaka watu wanasinzia kwenye kiti?" Alimtazama. "Mwambene, unamjua huyu binti?"

"Simjui."

"Ni ndugu yako?"

"Mkuu, nimesema simjui. Sheria inaniruhusu marudio ya siku hiyo hiyo."

"Inakuruhusu. Saa sita, basi. Na saa sita sitaki hadithi, nataka dole." Aligeuka aondoke, akasimama mlangoni. "Usije ukafikiria kukataa. Unajua mkataaji hufanywa nini."

Alijua. Mpimaji aliruhusiwa kusema "Sina hakika." Wabunge waliupigania mlango huo mpaka ukapatikana: mashaka ya mtu mmoja yanatosha, shauri linafungwa, hakuna wa kulifungua tena. Serikali nayo ikaweka komeo lake kwenye mlango. Anayekataa huvishwa kofia siku hiyo hiyo, naye hupimwa kwa wanawe mwenyewe. Kwa vituo vyote vya nyanda za juu, hakuna aliyewahi kuutumia.

Ambakisye alikuwa na mtoto mmoja. Anaitwa Tumpale, ana miaka sita, meno ya mbele yameng'oka.

*

Chumba cha kunyonyeshea kilikuwa nyuma, karibu na mapipa ya maji ya mvua. Tusekile alikuwa amempakata mtoto kama mtu aliyepewa kaa la moto. Bibi Subilaga alipomwona Ambakisye alimrukia kwa maneno.

"Baba, hiyo mashine yenu inasema nini? Maana mimi nina wageni nyumbani. Nina mchungaji! Nimwambie nini?"

"Tutapima tena, mama."

"Mpime mpendavyo. Huyu ni mtoto mzuri. Uvivu anao, sikatai. Tangu wiki ya pili hajagusa beseni, mtoto namwogesha mimi. Jikoni haingii. Nikisema shika kibuyu cha maji ya moto, anakimbia kama kaona nyoka. Nikajua kuna kitu kinamwandama. Tukamwombea, wanawake wote wa kwaya. Nikamwambia, mwanangu, likikujia likemee. Kemea! Na anakemea, nakuapia. Hata usingizini anakemea."

"Mama, kule mbele kuna chai. Kanywe kidogo, unatetemeka."

"Sitetemeki."

"Kanywe."

Alikwenda, akitazama nyuma mara mbili. Ambakisye alifunga mlango, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuruhusiwa kuwa mle ndani. Hakuruhusiwa hata kumsalimia mtu aliyemwagiwa maji ya kofia kabla shauri lake halijaisha.

"Unamwona ndani ya sufuria," alisema.

Tusekile aligeuka ghafla.

"Maji yanachemka, na unajiona umemwachia. Hutaki. Wazo linakuja. Unalifukuza, linarudi na ndugu zake."

"Nani kakwambia?" Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Sijamwambia mtu. Hata Andongwisye sijamwambia, na ni mume wangu. Nani kakwambia?"

"Hakuna. Mimi kwangu ni kisu."

Mvua iliendelea. Mtoto aliachia ziwa, akapiga chafya, akalishika tena.

Ambakisye alikuwa hajawahi kuyatamka maneno hayo kwa mtu yeyote isipokuwa mkewe Lugano, na kwa Lugano yalimtoka baada ya mke huyo kugundua kwamba kila kisu cha nyumba kimechomekwa juu kwenye kenchi za paa. Miaka miwili walikula mboga zilizokatwa kwa jirani. Miaka miwili alikuwa akiamka kupapasa kenchi, kuhesabu, kulala, kuamka kupapasa tena. Tumpale akiwa mchanga hakuwahi kumbeba na kupita jikoni.

"Ukafanyaje?" Tusekile aliuliza.

"Nilichoka."

"Nini?"

"Sikufanya kitu cha maana, mama. Nilichoka. Mke wangu alikuwa Kyela, msibani. Mtoto ana miaka miwili, yuko mgongoni kwangu, analia njaa. Ndizi mbichi ziko pale. Ndizi haimenywi kwa meno. Nikashusha kisu. Likaja, tena lilikuja lote, na damu yake na kila kitu. Nikaliambia, haya, njoo. Kaa. Mimi namenya ndizi. Nikamenya kumi na nne. Nililia mpaka kamasi zikaingia sufuriani. Lakini mtoto alikula."

Tusekile alicheka, kicheko kibaya, kifupi, kilichomshtua mwenyewe. "Kwa hiyo lilitoka?"

"Halitoki."

"Halitoki!"

"Linachoka kama ulivyochoka wewe. Mgeni asiyepewa kiti wala matusi hukaa mlangoni, akaona haya. Ukimkemea, umemjibu. Na akijibiwa anarudi."

"Na kama nitamfanyia kweli?"

"Sijui."

"Baba! Si ungesema siwezi?"

"Mama mkwe kakwambia kemea. Kwaya imekwambia kemea. Wewe mwenyewe unajiambia huwezi mara ngapi kwa siku?"

Alifikiri. "Mara mia."

"Imekusaidia?"

"Hapana."

"Basi. Mimi sijui, wewe hujui, na mtoto anataka kuogeshwa. Ukianza kutafuta hakika, utaitafuta mpaka uzeeni na mtoto hajaoga." Alisugua mapaja yake kwa viganja. "Kile chombo hakipimi unachotaka kufanya. Walikifundisha kwa wafungwa, watu waliokwisha kuua. Wakawavisha kofia, wakawaambia kumbukeni. Sasa mtu anayekumbuka mwanawe aliyemuua kwa mkono wake, kichwani kwake kuna nini? Kuna hofu. Mashine ikajifunza hofu, ikaambiwa hiyo ndiyo nia. Muuaji asiyejali akikaa pale, karatasi yake itakuwa kama uwanja wa mpira."

"Wakubwa wanalijua hilo?"

"Mimi darasa la saba nimelijua."

Tusekile alimpangusa mtoto mdomo kwa ncha ya kanga. Alipoinua macho, hayakuwa na huruma hata kidogo.

"Umeweka dole kwa wangapi?"

"Thelathini na moja."

"Walikuwa kama mimi?"

Ambakisye alitazama mlango. "Wapo waliokuwa kama wewe."

"Wangapi?"

"Sikuwauliza."

"Kwa nini hukuwauliza?"

"Nina binti," alisema, na jibu hilo lilikaa kati yao kama kitu kilichooza. Alikuwa amejitafutia kazi hii makusudi, kwa sababu wapimaji hupimwa Januari tu, kwa picha za jumla, wala hakuna anayemshuku mwenye kushika kofia. Mahali pakavu pa kujificha mvua ni chini ya mwavuli wa anayekutafuta. Aliinuka.

"Saa sita utakaa tena. Sufuria itakuja. Liache liingie. Na usiliache liingie ili mlima ushuke. Ukilipisha ili likupishe, umeshalifukuza, na mashine itaona. Kaa nalo tu, kama unasubiri gari."

"Siwezi kwa saa mbili."

"Mimi ilinichukua miaka miwili. Jaribu."

*

Saa sita alimlowesha tena nywele. Mkono wake ulitaka kubonyeza macho mara ya pili, akauacha utake.

Beseni likapita. Ngazi ikapita. Kisu kikapita, na Ambakisye, ambaye siku zote hutazama ukuta kinapopita, alikitazama. Kalamu ilikuwa ikitetemeka chini ya mpaka. Ikaja sufuria, akaja mtoto analia. Tusekile alikuwa amefumbua macho. Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa akiyaacha. Kalamu ilipanda, ikafika karibu na mpaka, ikasita hapo kama mtu aliyefika mtoni. Ikaanza kushuka.

Bado sekunde ishirini. Ambakisye alikuwa akizihesabu.

Upande wa pili wa kioo Bibi Subilaga aliona machozi ya mkwewe. Alikuwa amehangaika na mwanamke huyo asubuhi nzima, hajui kinachompata, na upendo wake haukujua njia nyingine. Aliweka kiganja kwenye kioo, akainua kingine juu, na ingawa sauti haikupita, kila mtu mle ndani aliweza kusoma mdomo wake. Kemea, mwanangu. Kemea!

Tusekile alimwona. Wiki nne za mazoea zilimrukia kichwani zote kwa pamoja. Midomo yake ikaanza kwenda.

Kalamu ikapanda, ikavuka mpaka kwa unene wa ukucha, na mashine ikajizima.

*

"Ukucha," alisema Ambakisye.

"Ukucha ni kuvuka," alisema Bi Lyatuu. Alikuwa ameleta kidau cha wino mwenyewe. Alikiweka mezani, akageuza karatasi imwelekee mpimaji wake. Mlangoni walisimama walezi wawili, mwanamume na mwanamke, na mmoja wao alikuwa na blanketi la mtoto, safi, lililokunjwa pembe kwa pembe.

Tusekile alikuwa bado kitini. Hakulia sasa. Alimtazama Ambakisye tu.

Naye Ambakisye alitazama wino, na ile sauti ikaja. Aliijua kama anavyojua kikohozi chake. Vipi kama safari hii ni kweli? Umemwambia aliache liingie. Umemfungulia mlango. Kesho watakuja kukuita, utaikuta sufuria, utamkuta Bibi ameanguka kifudifudi, na watu watauliza nani alisema mama huyu arudi nyumbani. Aliona kila kitu. Aliona hata rangi ya sufuria, ya bluu, imebanduka ukingoni.

Kuijua sauti si kujua kwamba inadanganya. Hilo ndilo watu wenye vichwa vizima hawaelewi. Mtu huyu hakuwahi kuwa na hakika ya kitu chochote maishani. Hakuwa na hakika kama amefunga mlango aliokwisha kuufunga mara sita. Na hao thelathini na moja, ambao aliwatamkia maneno yale kwa sauti kavu, hakuwa na hakika na hata mmoja wao. Alikuwa amesema uongo mara thelathini na moja, na kila uongo ulikuwa na mtoto ndani yake.

Hakujaribu kuifukuza sauti. Aliiacha iseme.

"Mwambene," alisema Bi Lyatuu. "Dole."

"Sina hakika."

Mlezi wa kike alishusha blanketi. Bi Lyatuu hakusogea.

"Rudia tena. Nafikiri mvua imenizuia kusikia."

"Sina hakika, mkuu. Andika."

"Una mtoto, wewe mjinga," alisema Bi Lyatuu polepole, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane sauti yake ilivunjika. "Una mtoto mdogo. Nakupa nafasi. Sijaandika."

"Andika."

Aliandika. Bibi Subilaga alipofunguliwa mlango aliingia na mtoto, akiwa hajui kama apige vigelegele au ukunga. Tusekile alisimama. Alipofika mbele ya Ambakisye alipiga goti kidogo kama wanavyopiga kwa wakubwa, akasema "Ndaga," na halafu, kwa sababu shukrani hiyo haikutosha na hapakuwa na nyingine, akampa mtoto amshike.

Ambakisye alimshika. Lile wazo likaja hapo hapo, kwa mtoto wa mtu. Alimshika hivyo hivyo, akamrudisha.

*

Bi Lyatuu alimvisha kofia kwa mikono yake. Hakubonyeza macho, mashine ilikuwa inasoma vizuri.

Kwa mkataaji picha za jumla hazitoshi. Shule zote hurekodi sauti za watoto, na kituo kilikuwa na ufunguo. Kwanza kikaja kisu. Sawa. Kisha, sikioni kwake, Tumpale akiwa darasani, akicheka kupitia lile pengo la meno: "Baba yangu anajua kumenya ndizi bila kukatika ganda!"

Ambakisye alijua la kufanya. Njoo, aliliambia. Kaa.

Likakaa. Lakini safari hii alikuwa na haja. Alitaka kalamu ishuke kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na alipokuwa akilikaribisha wazo kwa mkono mmoja, wa pili ulikuwa unalisukuma nje. Alijiona akifanya hivyo. Alikuwa amemwonya msichana wa watu juu ya kosa hilo hilo, saa mbili tu zilizopita, amekaa juu ya ndoo.

Hakuhitaji kuitazama karatasi. Aliisikia kalamu ikigonga pembe ya juu.

Bi Lyatuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Tangu lini?"

"Tangu azaliwe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanyaje?"

Bi Lyatuu aliivuta karatasi upande wake. Kituo kilikuwa na mpimaji mmoja. Mpimaji akipanda, mkuu ndiye huweka dole. Kidau kilikuwa bado wazi.

"Miaka minne umefanya kazi na mimi," Ambakisye alisema. "Umenibebea huyo mtoto kwenye sherehe ya kituo. Amelala begani kwako. Umeniona nikimlisha. Una hakika, mama?"

Hakuwahi kumwita mama. Alimwita mkuu siku zote.

Bi Lyatuu alichovya dole. Mvua ilikuwa imepungua na kila mtu aliweza kusikia. "Nina hakika," alisema, haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu, na akaendelea kulitazama dole lake lenye wino muda mrefu baada ya kuliinua.

*

Njiani kwenda nyumbani kwa Ambakisye, wakiwa kwenye gari la walezi linalojiendesha lenyewe, walipita chini ya nyumba ya Bibi Subilaga. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni, watu wamejaa, mtu anapiga kinanda. Huenda mtoto alikuwa ameshanyolewa. Huenda mama yake alikuwa ameingia jikoni. Ambakisye alinyoosha shingo aone, asione kitu, na gari halikujua kupunguza mwendo. Hatajua. Wiki ijayo hatajua, mwaka ujao hatajua.

Lugano alikuwa mlangoni. Aliliona gari, akamwona mume wake katikati ya makoti mawili ya mvua. Aliingia chumbani. Wakasikia kabati likifunguliwa.

"Saa moja," alisema mlezi wa kiume. Alikuwa mtu mpole, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nguo chache zinatosha. Vingine anapewa."

Tumpale alitoka nyuma ya nyumba, miguu imejaa tope. "Baba umewahi! Shuleni leo hatukupewa uji, mvua iliingia jikoni. Nina njaa."

"Njaa kubwa au ndogo?"

"Inauma."

Ambakisye aliingia jikoni. Ndizi zilikuwa kwenye kapu. Kisu kilikuwa mezani, maana miaka minne sasa visu vya nyumba hiyo vilikaa mezani. Alikichukua.

Walezi walimfuata mpaka mlangoni. Wa kike alinyanyua mkono, wa kiume akaweka wake kwenye rungu la umeme kiunoni. Mtoto alijipenyeza chini ya mikono yao, akaja akasimama karibu na goti la baba yake, kichwa chake kikiwa kimo sawa na kile kisu.

"Bwana Mwambene," alisema mlezi wa kiume. "Weka chini."

"Hajala."

"Weka chini, tafadhali."

"Mbeya ni mbali. Hajala."

Lugano alikuwa amesimama nyuma yao na begi dogo la maua mkononi. "Mwacheni amenye," alisema. Hakuwaomba. Mlezi wa kike alimtazama, kisha akamgusa mwenzake mkono, na rungu likabaki kiunoni.

Lile wazo lilikuwa limeshafika. Lilikuja lote, na damu yake na kila kitu, na safari hii nyuma yake kulikuwa na walezi na kioo na mara moja kwa mwezi. Hapakuwa na kalamu. Hapakuwa na chochote cha kushinda. Ambakisye aliliacha likae pale jikoni pamoja na watu wengine.

"Hesabu," alimwambia binti yake.

"Moja," alisema Tumpale. Ganda lilishuka refu, zima, likaanguka kwenye beseni. "Mbili. Baba, mbona hao wanatuangalia?"

"Hawajawahi kuona ndizi. Hesabu."

Alihesabu mpaka kumi na nne. Lugano aliweka begi chini, akawasha moto. Walipokwisha kula, saa moja ilikuwa imepita na robo, na mlezi wa kiume hakusema kitu.

Gari lilipokwisha kukata kona, Ambakisye alirudi jikoni. Alikiosha kisu, mara moja. Mkono wake ulimwambia aoshe tena, na macho yake yakapanda yenyewe mpaka kwenye kenchi za paa. Alisimama hivyo muda mrefu. Kisha akakiweka mezani, mahali pake.